Kamba za mwani na joto la Jua

Hotuba niliyoitoa mbele ya wanakijiji, walimu na wanafunzi, Paje, Unguja. Nimeiandika kama nilivyoisema, pamoja na maswali mawili ya mwisho.

Assalaam alaykum.

Mheshimiwa Sheha, Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, wazee wangu, mama zangu mnaolima mwani, na nyinyi wanangu mliokaa chini kwa kuwa viti vimekwisha: ahsanteni kwa kunialika. Nimeambiwa nizungumze juu ya sayansi ya anga kwa nusu saa. Nusu saa haitoshi, lakini nitajizuia. Aliyechagua siku kachagua kwa akili, maana leo maji ni mafu. Ingekuwa bamvua na maji yametoka, nusu ya ukumbi huu ingekuwa pwani, na mimi ningevihutubia viti.

Mliotoka mjini leo mmepita Tunguu. Wengi tukipita pale siku hizi tunakijua chuo kikuu basi. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani walikuwa na kituo chao huko, cha kufuatilia vyombo vya Mercury, mradi wao wa kupeleka watu angani. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, kituo cha Unguja kilikuwa kimojawapo cha vituo vilivyozungumza naye alipopita juu ya Afrika. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, kituo kikafungwa, mitambo ikaondoka. Kama yumo humu mzee anayeikumbuka minara ile, asiondoke kabla sijamsalimu.

Nimekitaja kituo hicho kwa sababu moja. Baina ya mtu aliyekaa chini Tunguu na mtu aliyeko juu ndani ya chombo, kuna tabaka la hewa lisilokuwa hewa tena. Miale ya Jua imezipiga atomu zake mpaka zikavuliwa elektroni. Hiyo ndiyo plazma. Wazee wetu waliitumia bila ya kuitia jina. Sauti ya Cairo ilipoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, na BBC mwaka 1957, mawimbi yale mafupi ya redio hayakuja moja kwa moja. Yalikwenda juu, yakaigonga plazma ile, yakarudi chini mpaka kwenye redio za barazani. Kila aliyekuwa akigeuza kidude usiku kutafuta stesheni, na sauti inakuja inapotea, inakuja inapotea, alikuwa akisikiliza plazma ikichezacheza.

Kuna neno la Kiswahili lililopendekezwa, utegili. Sina ugomvi nalo. Lakini wanafunzi wangu wanasema plazma, na ulimi wangu umeshazowea.

Sifa ya plazma inayotuhusu leo ni hii: inashikana na sumaku. Maji hayajui sumaku, na hewa hii tunayovuta haijui sumaku. Plazma, kwa kuwa vipande vyake vimebeba chaji, hufungika kwenye mistari ya sumaku. Mstari ukisogea, plazma inasogea nao. Plazma ikisukumwa, mstari unavutika.

Mama zangu, picha hiyo mnaishi nayo. Mwani unaofungwa kwenye kamba hauna safari yake peke yake. Kamba ikiyumba, nao unayumba. Kuanzia sasa, kila nikisema mstari wa sumaku, oneni kamba iliyowambwa baina ya vigingi viwili. Nikisema plazma, oneni mwani. Nitairudia picha hii mpaka mnichoke. Nimejaribu nyingi nyengine kwa miaka, za bomba, za mpira, za nywele, na hii ndiyo iliyonishinda kuiacha.

Shikeni kamba kichwani mwake, itikiseni mara moja. Mtaona kijongo kinakimbia mpaka kwenye kigingi cha pili. Kijongo hicho kinakimbia kwa kasi gani? Mambo mawili tu yanaamua. La kwanza ni jinsi kamba ilivyokazwa: ikikazwa zaidi, wimbi linakwenda mbio zaidi. La pili ni uzito uliobebwa: kamba ya mwani uliopandikizwa jana ni nyepesi, wimbi lake lina haraka, kamba iliyokaribia kuvunwa imelemewa, wimbi lake linajikokota. Tena uzito una hesabu yake. Uzito ukiwa mara nne, kasi inakuwa nusu. (Msiende kulijaribu hili ndani ya maji, maana bahari ni nzito nayo, italizima wimbi kabla halijafika popote. Lijaribuni uani, kamba ikiwa hewani.)

Mwaka 1942 Msweden mmoja, Hannes Alfvén, aliandika barua fupi ya kisayansi akisema kwamba mistari ya sumaku ndani ya plazma itafanya hivyo hivyo. Nguvu ya sumaku ndiyo ukazaji wa kamba, msongamano wa plazma ndio uzito, na wimbi litapita. Hakuna aliyemjali. Wakubwa wa fani walishika msimamo kwamba wimbi la aina hiyo haliwezi kuwapo ndani ya kitu kinachopitisha umeme. Inasimuliwa kuwa mwaka 1948 alihutubia Chicago, na Enrico Fermi alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Alfvén alipomaliza kueleza, Fermi akatikisa kichwa, akasema: bila shaka. Kesho yake ulimwengu mzima wa fizikia nao ukasema bila shaka. Mwaka uliofuata, 1949, Stig Lundquist akayapata mawimbi hayo maabara, ndani ya zebaki, zebaki hii hii ya kwenye vipima homa vya zamani. Mwaka 1970 Alfvén akapewa Tuzo ya Nobel. Miaka 28 baina ya barua na tuzo. Walimu, mkiwa na mwanafunzi mbishi, mhurumieni.

Kule kwenye anga la Jua mawimbi haya hukimbia kiasi cha kilomita 1,000 kwa sekunde. Kutoka Nungwi mpaka Kizimkazi, kisiwa kizima, kabla hujamaliza kupepesa jicho.

Sasa twende kwenye Jua lenyewe, maana huko ndiko kwenye kitendawili.

Juu ya uso wa Jua kuna anga jembamba linaloitwa korona. Najua jina hilo limeharibika tangu mwaka 2020, lakini la Jua ndilo la zamani, na maana yake ni taji tu. Huonekana kwa macho pale tu mwezi unapolifunika Jua lote. Hapa kwetu tarehe 1 Septemba 2016 Jua lilipatwa, na misikitini watu walisali sala ya kupatwa, lakini lile halikuwa la kufunikwa lote. Hata Rujewa kule Mbeya, walikoona pete kamili, korona haikuonekana, kwa kuwa ule mwanga wa pete unatosha kuificha. Miaka mitatu kabla yake, tarehe 3 Novemba 2013, walioweza kusimama Pakwach kule Uganda, au kando ya Ziwa Turkana, ndio waliopita kwenye njia ya giza kamili.

Uso wa Jua una joto la nyuzi kama 5,500. Korona, iliyo juu yake, ina nyuzi zaidi ya milioni moja. Fikirini vizuri. Ukisogeza mkono kwenye seredani ya mkaa, unaungua. Ukiurudisha nyuma, unapoa. Jua linafanya kinyume: ukiondoka kwenye moto, ndipo unapoungua. Watu hawakuliamini hili kwa urahisi. Wakati wa kupatwa kwa mwaka 1869 wanajimu waliutawanya mwanga wa korona katika rangi zake, wakaona humo mstari wa kijani wasioujua, wakadhani wamegundua elementi mpya, wakaipa na jina. Ikawachukua wataalamu miaka 70. Walter Grotrian wa Ujerumani na Bengt Edlén wa Uswidi ndio waliofumbua, mnamo miaka ile ya 1940 inaanza: ile ni chuma, chuma cha kawaida, kilichovuliwa elektroni 13 kati ya 26. Na chuma hakivuliwi nguo kiasi hicho mpaka kwenye joto la mamilioni.

Nani anaipasha korona? Si suala la uhaba wa nishati. Uso wa Jua unatoa wati zipatazo milioni 63 kwa kila mita ya mraba. Korona tulivu inahitaji kama 300 tu kwa mita hiyo hiyo. Sehemu zenye madoa na vurugu zinataka kama 10,000. Ni makombo ya karamu. Taabu ni kuyafikisha makombo juu na kuyaweka pale pale yanapotakiwa.

Uso wa Jua unachemka daima kama uji, na mistari ya sumaku imechomekwa ndani ya uji huo. Mizizi ya mistari inatikiswa usiku na mchana. Kwa hiyo mawimbi ya Alfvén yanapanda juu, hilo halina ubishi. Ubishi ni kwamba yakifika juu hayataki kufa. Wimbi haliachi joto mpaka life, na ili life, lazima kuwe na kitu cha kulisugua: ukinzani wa umeme, au mnato. Plazma ya korona inapitisha umeme vizuri mno, kiasi kwamba, kwa makadirio ya kawaida, kama wimbi linavuka pahala kwa dakika moja, ukinzani peke yake ungehitaji dakika trilioni moja kulifuta. Hiyo ni karibu miaka milioni mbili. Wimbi linakuja na mzigo wake wa joto, linapita mlangoni, haligongi, linakwenda zake.

Hapo ndipo walipoingia Mfaransa Jean Heyvaerts na Muingereza Eric Priest, mwaka 1983. Hoja yao ina jina la kutisha, mchanganyiko wa fezi. Mafundi umeme humu wanaijua fezi, ni ile hatua ya mawimbi katika kupanda na kushuka kwake. Mimi darasani naiita kupotezana hatua, kwa kuwa ndicho kinachotokea.

Rudini pwani. Chukueni shamba lenye kamba ishirini, sambamba, zimekaribiana. Ya kwanza ina mwani mchanga. Ya pili imezidi kidogo. Ya tatu imezidi kidogo tena, mpaka ya ishirini imelemewa mwani wa kuvunwa. Upande mmoja wamesimama akina mama ishirini, kila mmoja kashika kichwa cha kamba yake, na mmoja anapiga makofi ili wote watikise kwa pamoja. Kofi, tikisa. Kofi, tikisa. Karibu yao utaona jambo zuri: vijongo vyote vimejipanga mstari mmoja, kama jeshi. Lakini vijongo vya kamba nyepesi vina mbio, vya kamba nzito vinabaki. Ukitembea hatua kumi kuelekea vigingi vya mwisho, mstari umepinda. Ukitembea zaidi, umejikunja. Na ukifika mbali vya kutosha, kamba ya saba imepanda juu na ya nane, jirani yake wa ubavuni, imeshuka chini. Wanapita wakisuguana.

Hapo simameni, maana hapa ndipo pote. Hakuna aliyeongeza mnato. Hakuna aliyeleta ukinzani kutoka nje. Ukinzani ni ule ule mdogo usiofaa kitu. Kilichopungua ni umbali baina ya kinachopanda na kinachoshuka. Mwanzo, ili ukutane na mwendo tofauti na wako, ilibidi usafiri urefu wa wimbi zima, maelfu ya kilomita. Sasa unamkuta jirani yako. Na msuguano, hata ukiwa dhaifu, baina ya majirani wanaopingana hufanya kazi haraka mno. Tofauti ya uzito wa kamba ndiyo iliyouletea msuguano kazi hadi mlangoni.

Tufanye hesabu, watoto wa kidato cha tatu mtanisaidia. Kamba moja wimbi lake lina kasi ya kilomita 1,000 kwa sekunde. Nyengine ina plazma nzito mara nne, kwa hiyo kasi yake ni 500. Mizizi inatikiswa kila baada ya dakika tano, yaani sekunde 300. Ili moja ipande wakati nyengine inashuka, lazima ichelewe nusu ya muda huo, sekunde 150. Kwa kila kilomita 1,000, ya kwanza inatumia sekunde moja, ya pili mbili: inachelewa sekunde moja. Kwa hiyo kuchelewa 150 kunahitaji kilomita ngapi? (Mtoto mmoja wa kike nyuma akasema 150,000 kabla sijamaliza sentensi.) Naam, 150,000. Dunia zetu kumi na mbili zilizopangwa moja juu ya moja. Kwetu ni mbali. Kwenye Jua ni kiasi cha urefu wa tao moja kubwa la sumaku, yaani fungu la mistari inayopanda kutoka usoni, ikapinda, ikarudi chini.

Na kuna kipengele kimoja nilichokipenda tangu nilipokisoma mara ya kwanza, mniwie radhi nikae nacho kidogo. Kadiri mawimbi yanavyosonga mbele, mikunjo inazidi kuwa myembamba. Umbali ukiwa mara mbili, unene wa mkunjo unakuwa nusu. Msuguano nao hauangalii unene mara moja, unauangalia mara mbili: unene ukiwa nusu, kasi ya kufutika inakuwa mara nne. Ukijumlisha kufutika huko safari nzima, unapata kwamba wimbi linafifia kwa kufuata umbali uliozidishwa kwa nafsi yake mara tatu. Maana yake mwanzoni halifi kabisa, unadhani litadumu milele, kisha ghafla linaanguka. Tena, kwa hesabu hiyo hiyo iliyogeuzwa, ukinzani ukipunguzwa mara elfu, wimbi litakwenda mbali zaidi mara kumi tu kabla ya kufa. Ile trilioni iliyotutisha, kipeuo chake cha tatu ni elfu kumi. Bado ni kubwa, lakini imeshuka kutoka kwenye miujiza ikaingia kwenye mazungumzo.

Nikiishia hapa mtakwenda nyumbani mkiamini kitu ambacho si kweli, na wapo waliosoma kuliko mimi wanaokiamini: kwamba kupotezana hatua na kufa ni jambo moja. Si jambo moja.

Nani hajaona Maulidi ya Homu? Vijana wamejipanga safu, bega kwa bega, kanzu nyeupe, wanayumba pamoja. Safu nzima inakwenda kama bahari. Sasa tuseme kila kijana anaanza kufuata mdundo wake mwenyewe, huyu kazidisha kidogo, yule kapunguza kidogo. Baada ya dakika chache ukitazama kutoka mbali huoni bahari tena, unaona weupe uliotulia. Wimbi limetoweka. Lakini hakuna kijana aliyechoka! Kila mmoja anayumba kwa nguvu zile zile, jasho lile lile. Kilichopotea ni mapatano yao, si nguvu zao.

Lev Landau, Mrusi, ndiye aliyeionyesha kwa hesabu mwaka 1946, kwa wimbi la aina nyengine ndani ya plazma isiyo na migongano kabisa. Alisema wimbi litafifia hata pasipokuwa na msuguano wowote. Watu wakakuna vichwa: bila msuguano linakwenda wapi? Majaribio ya Malmberg na Wharton huko Marekani mwaka 1964 yakathibitisha kuwa linafifia kweli. Halafu mwaka 1968 likaja lile ambalo mimi, kama ningeruhusiwa kushuhudia jaribio moja tu la karne iliyopita, ningechagua hilo. Walirusha mpigo mmoja ndani ya plazma, wakauacha ufifie mpaka usionekane. Wakarusha wa pili, nao wakauacha ufifie. Kimya. Kisha, bila ya mtu kugusa kitu, ukatokea mpigo wa tatu wenyewe. Mwangwi. Vijana wa safu walikuwa bado wanayumba, na lile kofi la pili likawafanya, baada ya muda fulani, wakutane tena hatua moja. Kitu kilichokufa hakitoi mwangwi. Kile kilikuwa kimejificha.

Kwa hiyo zipo hatua mbili. Kwanza wimbi linajificha kwenye mikunjo myembamba. Halafu, na baadaye sana pengine, mikunjo inasuguana na joto linatoka. Anayeona la kwanza akatangaza la pili anauza samaki aliyeko baharini.

Na walitangaza. Tarehe 14 Julai 1998 mlipuko kwenye Jua ulilitikisa tao moja la sumaku, na chombo kiitwacho TRACE kikapiga picha. Tao lile lenye urefu wa kilomita kama 130,000 likayumba, kila mzunguko zaidi kidogo ya dakika nne, na baada ya mizunguko mitatu minne likatulia. Taarifa ilitoka 1999. Kutulia kule kulikuwa haraka kupita kiasi. Kwa ukinzani wa kawaida lingeyumba mpaka leo. Baadhi wakasema basi, ukinzani wa korona ni mkubwa mara mamilioni kuliko tulivyodhani, kitendawili kimekwisha. Haikuwa lazima iwe hivyo. Tao lina moyo mzito na ganda jepesi, na baina yao pana kamba zenye uzito wa kila namna. Mojawapo ya kamba hizo, kwa uzito wake, ina mdundo ule ule wa tao zima, na huko ndiko mwendo unakohamia: kuyumba kunakoonekana kunageuka kusokotana kusikoonekana ndani ya ngozi ya tao. Kamera inaona utulivu. Ndani pana ghasia, kwa sababu tabaka zinazoteleza kinyume huzalisha vizunguko, kama pale mikondo miwili ya bahari inapopita ubavu kwa ubavu, na vizunguko vinazaa vizunguko vidogo zaidi.

Mtaniuliza maoni yangu. Kwamba mawimbi yapo, nimeridhika. Mwaka 2007 yalionekana kwa darubini ya New Mexico na kwa chombo cha Kijapani Hinode. Kwamba yanapotezana hatua, sina shaka, maana korona haina kamba mbili zenye uzito sawa. Kwamba hayo peke yake ndiyo yanayopasha sehemu zile zenye vurugu, zinazotaka wati 10,000, sikubali. Sababu yangu ni moja. Hoja nzima imesimama juu ya tofauti ya uzito baina ya kamba na kamba. Nani anaihifadhi tofauti hiyo? Joto likitoka, linatoka pale kamba zinapotofautiana, kwenye ukanda mwembamba, na plazma ya chini ikipata joto inapanda juu na kubadili uzito. Moyo wa tao, ulio mzito kuliko pote, haupati kitu. Kwa hiyo tofauti iletwe na kitu chengine, na hicho chengine pengine ndicho mpishi wenyewe. Kwa sehemu hizo namuunga mkono zaidi Eugene Parker, aliyesema mistari inasokotwa mpaka inakatika na kuungana upya kwa milipuko midogo isiyohesabika. Lakini kwenye sehemu tulivu, na pale mistari inapofunguka kwenda angani na upepo wa Jua, yaani plazma inayotiririka kutoka kwenye Jua, unapotoka, mawimbi nayapa nafasi kubwa. Chombo kilichopewa jina la Parker kilirushwa Agosti 2018. Tarehe 28 Aprili 2021 kikavuka mpaka ambao ndani yake mawimbi ya Alfvén yana kasi kuliko upepo, yanaweza kurudi nyuma, na tarehe 24 Desemba 2024 kikapita kilomita milioni 6.1 tu kutoka usoni pa Jua. Vipimo vyake bado vinachambuliwa, na mimi ni mtu wa kubadili msimamo nikionyeshwa.

Nimepitisha muda. Mwenye swali.

Bibi mmoja wa safu ya mbele akasema: "Maalim, kamba zako hazigusani. Za kwetu ziko majini. Mimi nikiivuta yangu, ya mwenzangu inasikia."

Niliomba anirudie, ili wote wasikie. Nikamwambia: Bibi, hesabu ya mwaka 1983, katika sura yake nyepesi kabisa, ilifanya kama nilivyofanya mimi, kila kamba na yake. Ikaja kuonekana kwamba maji yanaishi baina ya kamba, nayo yana kusema kwake. Tao la mwaka 1998 lingekuwa halina wa kumpa mwendo wake kama kamba zisingesikiana. Akaitikia kwa kichwa, akasema kamba nzito yeye huijua kwa mkono kabla ya kuiona, na kwamba iliyo katikati ya shamba huchelewa kuliko za pembeni. Sina hakika kama hilo la mwisho ni la uzito au la mkondo wa maji. Nimeliandika.

La pili liliulizwa na yule yule mtoto wa 150,000. Alitaka kujua kama jambo hili linaweza kuonekana hapa skuli, bila ya chombo cha anga. Linaweza. Kamba kumi za urefu mmoja, zimewambwa sambamba baina ya miti miwili iliyolazwa, zikazwe sawasawa. Chupa ndogo za maji zinafungwa kila baada ya shubiri mbili: kamba ya kwanza chupa tupu, ya pili na maji kidogo, mpaka ya kumi zijae. Ubao mmoja wa kutikisa vichwa vyote kwa pamoja, na simu ya kupiga video kutoka juu ya ngazi. Mwalimu wa fizikia kakubali, uwanja upo, tumepanga Jumamosi ijayo saa mbili asubuhi kabla upepo haujaanza. Kamba nimeshaahidiwa mbili na yule bibi. Zimebaki nane.